Saiti inatembea vizuri ku localhost, nimeipandisha ku seva ya kweli imevunjika. Shida iko wapi?

Mwana_Nguba (Bukavu)
Jambo bandugu. Niko natengenezea koperative moja ya kahawa ya huku kwetu saiti, WordPress na WooCommerce, kurasa nimezijenga na Elementor. Yote nilifanyia ku laptop, Windows na XAMPP (programu yenye inageuza laptop kuwa seva), adresi http://localhost/kahawa, na ilikuwa nzuri kabisa, menyu, duka, picha za bakulima, kila kitu. Juzi koperative imelipa domeni na nafasi ku seva. Nikatoa databesi mu phpMyAdmin, nikafungua ile fishie ya SQL mu Notepad++ nikabadilisha adresi http://localhost/kahawa yote nikaweka ya domeni, fishie zingine nikazipandisha na FileZilla, nikarekebisha wp-config.php, fishie ya mipangilio ya WordPress. Sasa ukurasa wa mwanzo unafunguka lakini ukigusa mwengine wowote ni 404 (ukurasa haupatikane), bloku zenye zilikuwa chini ya ukurasa zimepotea, rangi ya thimu imerudi ya mwanzo, na picha kwangu naona zote lakini mama prezida wa koperative ku simu yake anaona nusu. Tena kuko kijana ananiambia saiti ya majaribio haifanywake ku laptop hata siku moja, inafanyiwa ku seva tangu mwanzo. Munasemaje?

Birere_Koda (Goma)
404 ni permalinki tu, ule mpangilio wa adresi za kurasa. Ingia mu mipangilio ya permalinki, usiguse kitu, bonyeza kuhifadhi. Itatembea.

Katuba_243 (Lubumbashi)
@Birere_Koda itatembea kama WordPress iko na ruhusa ya kuandika mu .htaccess (ile fishie ya sheria za adresi), kama haiko itabaki vile vile. Huyu ndugu saiti yake ilikuwa mu dosie ya kahawa, kwa hiyo ile .htaccess yenye alibeba iko ndani na RewriteBase /kahawa/ na chini yake /kahawa/index.php. Kule ku seva hakuna tena dosie ya kahawa, saiti iko ku mzizi wa domeni. Njo maana mwanzo unafunguka na zingine zinakosa, juu ukurasa wa mwanzo hauhitaji hiyo sheria. Fungua .htaccess toa hilo neno kahawa, bakisha slashi peke yake.

Ruashi_Dev (Lubumbashi)
Na kabla ya yote aulize seva ni ya aina gani. Kama ni Apache ao LiteSpeed sawa, .htaccess inasomwa. Kama ni Nginx peke yake unaweza kuiandika mpaka asubuhi, Nginx haiisomake.

Papa_Seva (Bukavu)
Kijana, mi napita kwa hizo bloku na rangi, juu hapo permalinki haihusiki. Kosa liliingia mu Notepad++. WordPress haiweke mipangilio yote kama maandishi ya kawaida, ile ya thimu na ya bloku inafungwa pamoja na hesabu ya herufi zake. Angalia ndani ya SQL yako utaona kitu kama s:23:"http://localhost/kahawa". Hiyo 23 ni herufi za hiyo adresi, hesabu mwenyewe. Ukibadilisha unaweka https://mfano.example hizo ni herufi 21, lakini namba imebaki 23. PHP ikifika hapo inakataa furushi nzima, haikuambie kitu, WordPress inafanya kama mipangilio haikuwako na inarudisha ya mwanzo. Ni sawa na gunia ya kahawa yenye imeandikwa kilo 60, ukiweka ku mizani unakuta 58, mnunuzi anarudisha gunia nzima, hachague mbegu.
Dawa yake: rudi ku databesi ya zamani ya laptop, itoe upya bila kuigusa, iingize ku seva, halafu ubadilishie kule kule na WP-CLI, chombo cha kuandikia WordPress amri:
wp search-replace 'http://localhost/kahawa' 'https://mfano.example' --skip-columns=guid --dry-run
Kwanza na --dry-run inakuonyesha itabadilisha wapi bila kubadilisha, ukiona ni sawa unaitoa. Yenyewe inafungua furushi, inabadilisha, inahesabu upya.

Essence_Tek (Bukavu)
Shikamoo Papa_Seva lakini hapa nakataa. Mi nafanyaka na Notepad saiti za bateja wengi na zinatembea mpaka leo, za kanisa, za shule, ya hoteli moja. Kama ni kweli mbona zangu hazikuvunjika?

Papa_Seva (Bukavu)
@Essence_Tek marahaba. Ni kweli zako zilitembea, na sababu iko. Maandishi ya makala na kurasa za kawaida hazifungwe na hesabu, ni maandishi tu, unaweza kubadilisha na chochote. Saiti ya kanisa yenye kurasa tano na thimu ya kawaida inaweza kupita bila kuumia. Tena kama adresi ya zamani na mupya ziko na urefu moja hesabu haivunjike. Huyu eko na duka, Elementor, bloku, thimu yenye mipangilio mingi. Hapo Notepad haiwezi.

Essence_Tek (Bukavu)
Hmm. Ile ya hoteli kweli niliipangaga bloku upya kwa mkono nikafikiri ni thimu imeleta maneno. Lakini na WP-CLI si lazima uingie ku seva na SSH (kuandika amri kutoka mbali)? Hosti nyingi za bei ya chini hazitoe SSH.

Dada_Himbi (Goma)
Kuko plagini (programu ndogo za kuongeza mu WordPress) za kubadilisha adresi zenye zinajua hiyo hesabu, unaweka, unafanya, unaifuta siku hiyo hiyo. Hauhitaji SSH.
Lakini @Mwana_Nguba mi nataka kurudi ku picha. Unasema kwako zote zinaonekana na kwa mama prezida nusu. Fanya kitu moja: zima XAMPP, kabisa, halafu fungua saiti mu brauza upya. Juu mi nafikiri picha zako zingine bado zinaitwa kutoka localhost, na localhost ni laptop yako mwenyewe, kwa hiyo kwako XAMPP inazitoa unaona iko sawa. Simu ya mama nayo ikiulizwa localhost inajitafuta ndani yake yenyewe, haikute kitu.

Birere_Koda (Goma)
Dada_Himbi umeona mbali. Lakini yeye amesema alibadilisha localhost yote mu Notepad++, zingebakia je?

Dada_Himbi (Goma)
Elementor. Inaweka ukurasa kwa JSON (muundo wa kuandika data), na mu JSON kila slashi inatanguliwa na slashi ya kinyume, http:\/\/localhost\/kahawa. Ukitafuta http://localhost/kahawa mu fishie hiyo haioneke, kwa macho ya Notepad ni neno lingine. Njo maana Elementor yenyewe iko na chombo chake cha kubadilisha adresi, mu sehemu ya zana zake, na ukimaliza hapo unatengeneza upya fishie zake za CSS (za sura ya kurasa) juu nazo zinabebaka adresi ndani.

Mwana_Nguba (Bukavu)
Bandugu aksanti. .htaccess nimetoa kahawa, 404 imeisha yote, @Katuba_243 Mungu akubariki. Nimezima XAMPP na kweli picha za ukurasa wa bakulima zimepotea hata kwangu, sawa vile Dada_Himbi amesema, nimetumia ile zana ya Elementor zimerudi. Lakini kuko kitu kingine. Mama prezida bado anakosa zingine mu duka, zenye kwangu naziona na XAMPP iko imezimwa. Hizo za duka sikuzijenga na Elementor.

Katuba_243 (Lubumbashi)
Herufi kubwa na ndogo. Windows haijali, Picha.JPG na picha.jpg kwake ni kitu kimoja. Seva ni Linux, kwake ni fishie mbili. Angalia kama mu thimu kuko mahali umeandika jina la picha kwa mkono.

Ruashi_Dev (Lubumbashi)
@Katuba_243 hapana, fikiri tena. Kama ingekuwa herufi, yeye pia angekosa, juu laptop yake sasa inasoma ku seva ile ile.

Katuba_243 (Lubumbashi)
Kama kashe ya brauza yake haijabakisha za zamani. Afungue mu dirisha ya faragha.

Nyamulagira_Boy (Goma)
Mi nasema ni FileZilla. Kupandisha WordPress nzima na FTP ni fishie maelfu, kila moja inaomba safari yake ku seva, na konekisyo ya huku ikikatika katikati unabaki na fishie ya nusu ao ya sifuri. FileZilla inaziweka mu orodha ya zenye zimeshindwa kule chini lakini batu hawaangaliake. Aangalie ukubwa wa hizo picha ku seva alinganishe na za laptop.

Papa_Seva (Bukavu)
Hiyo ya Nyamulagira_Boy ni kweli na ni kupoteza megabaiti bure. WordPress yenyewe usiipandishe, iache hosti iiweke kule moja kwa moja, wewe beba wp-content (thimu, plagini na picha) peke yake, ifunge mu zip moja, ipandishe ile zip, ifungulie ku seva na meneja ya fishie ya cPanel. Databesi nayo ifunge kwa gzip, phpMyAdmin inaipokea vile ilivyo, na unaponea ile mipaka ya kupandisha, juu PHP kwa kawaida yake inaruhusu megabaiti 2 tu kama hosti hajaongeza.

Essence_Tek (Bukavu)
Hiyo ya gzip aksanti Papa. Mi nilikuwa nakata SQL vipande vipande.

Fizi_Mutu (Uvira, niko Bukavu)
Na mi iko inanipa kosa lingine kabisa, databesi inakataa kuingia, inasema haijui utf8mb4_0900_ai_ci. Ni XAMPP pia?

Dada_Himbi (Goma)
@Fizi_Mutu hapana, XAMPP ndani yake ni MariaDB. Jina hilo ni la MySQL 8, wewe utakuwa unatumia MySQL 8 ku laptop na hosti eko na MariaDB ao MySQL ya zamani. Mu fishie ya SQL badilisha hilo jina uweke utf8mb4_unicode_ci. Hapa Notepad haina shida, unabadilisha jina la mpangilio wa jedwali, si vitu vya ndani.

Ruashi_Dev (Lubumbashi)
Sasa turudi kwa swali lake la pili juu hakuna mtu amelijibu. Yule kijana anamwambia saiti ya majaribio ifanywe ku seva tangu mwanzo. Mi naye simukubali. Kwetu hapa kuriani inakatika mchana nzima, unafanya kazi na betri, konekisyo nayo unalipa kila megabaiti. Ukiwa na XAMPP unajenga bila intaneti, unaharibu, unarudia, hakuna mtu anaona na hakuna franga inatoka. Ukijengea ku seva kila mara umebonyeza kuhifadhi ni megabaiti.

Ndosho_Web (Goma)
@Ruashi_Dev nakuheshimu lakini mi nimekuwa ku Goma 2021. Volkano ilitoka tarehe 22 mwezi wa tano, na tarehe 27 tukaambiwa tuhame sehemu kubwa ya mji, batu wakatembea Sake, wengine wakavuka Gisenyi, wengine mashua ya Bukavu. Jirani yangu alikuwa anatengenezea duka moja saiti, yote ku ordinatere kubwa ya mezani, hakuna kopi mahali pengine. Alikimbia na watoto, si na ordinatere. Aliporudi kwa bahati nyumba ilikuwa, lakini ile wiki yote mteja anapiga simu anauliza na hakuna kitu angeweza kufanya. Tangu pale mi najengea ku seva, mu domeni ndogo, yenye nimefunga na paswedi. Laptop inaweza kuibiwa, kuungua, kuanguka mu ziwa, kazi iko kule.

Ruashi_Dev (Lubumbashi)
Ndugu pole kwa ile. Lakini hiyo ni habari ya kopi, si ya mahali pa kujengea. Git (ya kuhifadhi fishie na historia yake) na kopi ya databesi kila jioni ku drayivu ya intaneti, ni megabaiti chache, na laptop ikiungua unaendelea ku nyingine.

Ndosho_Web (Goma)
Ni batu wangapi unajua banafanya hiyo kila jioni? Kuriani ikirudi usiku saa tano mtu anachaji simu analala.

Kamalondo_Pay (Lubumbashi)
Mi naongeza sababu ingine ya kwenda ku seva mapema. Kama saiti inapokea M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money, baada ya mteja kulipa, seva ya wale wa malipo inatafuta saiti yako iiambie pesa imeingia. Localhost haiwezi kutafutwa kutoka inje. Ku laptop oda itabaki inangoja na utafikiri plagini iko mbaya. Hapo lazima adresi yenye inaonekana ku intaneti, hata ya majaribio, na uweke funguo za majaribio (kodi zenye wale wa malipo wanakupa kuunganisha saiti), siku ya kweli ubadilishe na funguo za kweli. Mi nilionaga duka limefunguliwa na funguo za majaribio bado ndani, bateja wanabonyeza kulipa, saiti inasema imelipwa, pesa hakuna.

Birere_Koda (Goma)
Na hilo ni duka la wapi twende tununue 😂

Kamalondo_Pay (Lubumbashi)
@Birere_Koda batu ya Goma munapenda bya bure sana. Lilifungwa siku ile ile.

Bagira_Net (Bukavu)
Ndugu zangu na domeni je? Mwana_Nguba akiielekeza ku seva lazima angoje masaa 48, anaweza kuwa mama prezida anaona bado seva ya zamani. Ni kanuni, 48.

Papa_Seva (Bukavu)
Si kanuni Bagira. Inategemea TTL, ile namba ya sekunde yenye inaambia wengine bakishe jibu muda gani. Ikiwa 3600 ni saa moja, ikiwa 86400 ni siku nzima. Mtu akijua atahama juma ijayo, anaishusha mapema mpaka 300, siku ya kuhama ndani ya dakika tano wengi wameshaona seva mupya. Masaa 48 mara nyingi inakuja ukibadilisha seva za majina zenyewe (zenye zinajibu domeni iko wapi), na kuko mitandao yenye inabakisha majibu kuliko vile imeambiwa.

Katuba_243 (Lubumbashi)
Na kama unataka kuona seva mupya mbele ya kuelekeza domeni, weka mstari mu fishie ya hosts ya laptop, C:\Windows\System32\drivers\etc\hosts, anwani ya IP ya seva halafu jina la domeni. Laptop yako peke yake itaona mupya, dunia yote inaona ya zamani. Unakagua kila ukurasa kwa utulivu. Ukimaliza toa huo mstari, ukiusahau utakuwa peke yako unaona kitu chenye wengine hawaoni.

Mwana_Nguba (Bukavu)
@Katuba_243 koperative haikuwa na saiti ya zamani kwa hiyo hiyo ya seva mbili si kwetu. Lakini iko na barua pepe ku ile domeni, waliifungua kwanza mahali pengine.

Dada_Himbi (Goma)
Simama hapo! Ulibadilisha seva za majina ao rekodi A (yenye inaelekeza saiti) peke yake? Kama ni seva za majina na haukubeba rekodi za MX (zenye zinaelekeza barua pepe), barua zao hazifike tena. Banunuzi ba inje banaandika, barua inarudi ao inapotea, na koperative itafikiri wamenyamaza. Kagua leo, usingoje kesho.

Mwana_Nguba (Bukavu)
Rekodi A peke yake. MX ziko. Nimetoka kutuma barua nikiwa nje, imefika.

Dada_Himbi (Goma)
Sawa, Mungu asifiwe. Basi sasa weka cheti ya SSL, ile ya https. Let's Encrypt ni bure, inakaa siku 90 na inajirudisha yenyewe kama hosti ameipanga, usikubali mtu akuuzie hiyo. Sharti domeni iwe imeshaelekea ku seva, vinginevyo kwa njia ya kawaida itashindwa kuhakikisha.

Ibanda_Boy (Bukavu)
Kidogo nje ya mada, domeni iko .com ao .cd? Mi napenda batu watumie .cd, ni ya kwetu.

Bagira_Net (Bukavu)
Kabla ilikuwa .zr wakati wa Zaire. Nchi ilibadilisha jina 1997 njo .cd ikaingia. Nakumbuka mjomba wangu alikuwa na barua pepe ya .zr kazini kwake.

Ibanda_Boy (Bukavu)
Ambaye angekuwa na saiti ya .zr angejua maana ya kuhama 😅

Nyamulagira_Boy (Goma)
Turudi. @Mwana_Nguba umeangalia ukubwa wa zile picha ku seva?

Mwana_Nguba (Bukavu)
Nimeangalia, ziko sawa na za laptop, hakuna ya sifuri. Dirisha ya faragha pia naziona zote. Ku simu ya mama, mbili za juu zinakuja, tatu za chini zinabaki nyeupe. Simu ya dada yake zinakuja zote, lakini polepole. Picha zenyewe ni za kamera, kuko ya megabaiti 6.

Ruashi_Dev (Lubumbashi)
Megabaiti 6 ku 3G! Basi si seva, si herufi, ni uzito. Zipunguze mpaka upana wa pikseli 1200, kila moja itashuka chini ya kilobaiti mia tatu, mama ataziona zote na hatamaliza forfe yake.

Katuba_243 (Lubumbashi)
WordPress inatengenezaka yenyewe saizi ndogo ukipandisha picha, duka halipaswe kutoa ya megabaiti 6. Isipokuwa zile saizi ndogo hazikutengenezwa. Mi bado nashuku thimu inaita jina lenye halipo.

Kamalondo_Pay (Lubumbashi)
Ao picha ni WebP (aina ya fishie ya picha) na simu ya mama ni ya zamani. iPhone zenye iOS yao iko chini ya 14 hazisome WebP mu Safari.

Mwana_Nguba (Bukavu)
Simu ya mama ni Android, ya zamani kidogo. Sijui brauza gani, nitamuuliza kesho akitoka Kalehe.

Ndosho_Web (Goma)
Ukimuuliza mwambie pia afungue saiti yoyote ingine yenye picha nzito uone kama zinabaki nyeupe vile vile. Na kabla haujampa kazi mkononi, ingia mu mipangilio ya kusoma, kuko kisanduku cha kuzuia mashine za kutafuta. Wengi wanakiwekaka tiki wakati wa majaribio, saiti inatembea miezi na Google haiioni.

Mwana_Nguba (Bukavu)
Tiki ilikuwa imewekwa! Nimeitoa sasa hivi.

Essence_Tek (Bukavu)
Na mi natoka kukagua ya hoteli, tusemezane baadaye.

Papa_Seva (Bukavu)
Kitu cha mwisho Mwana_Nguba, na hiki njo kinauma batu wa maduka. Kuanzia siku bateja wameanza kuagiza, usipandishe tena databesi ya laptop juu ya ile ya seva. Oda zimeingia kule, zako za laptop hazizijue, ukipandisha utazifuta. Kuanzia hapo databesi inashuka tu, kutoka seva kwenda laptop, na fishie za thimu njo zinapanda.

Ruashi_Dev (Lubumbashi)
Na ikishuka ku laptop, uzime utumaji wa barua kwanza, ao uweke plagini yenye inazishika, juu ndani kuko adresi za kweli za bateja. Ukijaribu oda moja pale inaweza kwenda kwa mtu wa kweli.

Birere_Koda (Goma)
Mimi bado nataka kujua zile picha tatu. Nasema ni kashe ya simu ya mama, alifungua saiti wakati bado imevunjika. Afute kashe kabla ya kupunguza picha, vinginevyo hatutajua ni nini ilizirudisha.